Blanketi la Pili

Kopo lilikuwa jekundu, la plastiki, limetobolewa kwenye mkono na kufungwa kwa kamba ya katani kwenye pipa la maji la bwenini. Nililifunga mwenyewe, maana makopo matatu ya kabla yake yalikuwa yameibwa. Wasichana 64 walinywea kopo hilo asubuhi wakitoka kupiga mswaki, mchana wakirudi kutoka darasani, na usiku kabla ya taa kuzimwa. Mimi ndiye niliyekuwa matroni wao. Kila Jumamosi baada ya usafi niliwakusanya uani nikawafundisha namna ya kujikinga na magonjwa.

Ilikuwa Juni 2009, Sumbawanga. Aliyewahi kuishi Ufipa anaijua Juni yake. Mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikishaingia, upepo wa kutoka upande wa milima ya Mbizi unakupenya kana kwamba hukuvaa kitu. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka Pwani hutafuta koti sokoni kabla hawajatafuta nyumba. Wasichana wangu wengi hawakuwa watu wa baridi. Walitoka bondeni, vijiji vya Ziwa Rukwa, au mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga, kwenye joto la mchana na usiku. Fomu ya kujiunga na shule iliwataka waje na godoro, shuka mbili na blanketi moja, na wazazi waliofuata fomu hiyo walinunua blanketi jepesi la bei wanayoiweza.

Kwa hiyo walilala wawili wawili. Nilijua, na niliwaacha. Nikizungukia bweni saa nne usiku na tochi, nilikuta kitanda cha juu cha dabodeka kitupu na cha chini kina vichwa viwili, mablanketi mawili yamepandanishwa, pumzi zao zinachanganyika. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na kila kioo kilichovunjika kilizibwa kwa boksi na vitambaa. Ukifungua mlango alfajiri, joto na harufu ya watu 64 vilikupiga usoni.

Redioni tulikuwa tumesikia kwamba tarehe 11 mwezi ule Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mafua mapya, yaliyoonekana kwanza Meksiko na Marekani, yamekuwa janga la dunia. Watu waliyaita homa ya nguruwe. Tuliisikia habari hiyo kama habari za kwa watu. Siku chache baadaye wasichana watatu walipoanza kukohoa na kuumwa kichwa, mwalimu wa zamu aliniambia kwa nia njema kabisa, "Matroni, haya mafua tu, ndiyo baridi yetu." Nami nikakubali. Neno hilo "tu" nimelisikia sana maishani mwangu, na sasa likitamkwa karibu na ugonjwa naomba kwanza nielezwe limetoka wapi.

Siku ya nne walikuwa 11. Siku ya tisa walikuwa 29. Najua hesabu hiyo kwa sababu nilianza kuandika. Sikuanza kwa busara yoyote, nilianza kwa sababu ya mabishano. Wasichana walikuwa wameanza kunong'onezana kwamba ugonjwa unatembea kitanda kwa kitanda, kwamba kuna mtu anautuma, na jina la msichana mmoja mpole wa kidato cha pili lilikuwa limeshatajwa. Mji huu jina lake lenyewe huelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi", lakini kutupa si kazi rahisi kama kusema. Nikachukua daftari la kurasa 96, nikachora mpango wa bweni, dabodeka zote 32, nikaandika nani ameanza kukohoa, siku gani, na analala na nani.

Wanong'onaji walikuwa wameona jambo la kweli. Ugonjwa ulitembea kitanda kwa kitanda. Kwenye mchoro wangu ulionekana wazi: anayelala na mgonjwa alianza siku ya pili au ya tatu, kisha jirani wa dabodeka ya pili, kisha wa ng'ambo ya kijia. Ila kulikuwa na wachache walioruka mstari, waliolala mbali, na hao sikuwaelewa mpaka niliposimama pembeni ya pipa saa kumi na mbili asubuhi nikatazama foleni. Kopo lilitoka mdomoni likaingia kwenye pipa, likatoka likaenda mdomoni mwa anayefuata. Niliingia jikoni nikachukua kisu nikakata kamba.

Usiku ule ule msichana mmoja mwenye pumu alizidiwa. Midomo yake ilibadilika rangi, na kila alipovuta pumzi ngozi ya chini ya shingo ilizama ndani. Tulimpeleka hospitali kwa gari la mwalimu, amekaa katikati yetu, kwa sababu kila tulipomlaza alishindwa kupumua. Muuguzi aliyetupokea alimwekea oksijeni kwanza, kisha akanigeukia. "Mama, ameanza lini? Na wenzake wangapi wanaumwa?" Nilimpa daftari. Alilisoma kwa muda mrefu akiwa amesimama, kisha akamwita daktari, na daktari naye akalisoma. Hakuna kipimo cha mafua kilichochukuliwa usiku ule. Mgonjwa wa kwanza wa homa ile mpya hapa nchini alithibitishwa mwezi uliofuata. Lakini asubuhi yake watu wa afya walikuwa mlangoni kwetu, na binti yule alirudi bwenini baada ya siku sita. Leo ni mama wa watoto wawili.

Mtaalamu mmoja wa afya aliyekuja asubuhi ile alinieleza mambo ambayo nilikuwa nayafundisha bila kuyaelewa. Mtu mwenye mafua huanza kuambukiza yapata siku moja kabla hajajisikia mgonjwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Kwa hiyo kumtenga aliyekwisha kuanza kukohoa kunasaidia, ila hakutoshi. Aliyelala naye jana ameshaupata. Matone ya kikohozi hayaendi mbali, hatua moja au mbili, na hewa inayotembea huyatawanya. Vidonge vya antibayotiki ambavyo wazazi walikuwa wakituma kwa basi haviui kirusi cha mafua. Akaniambia dalili za kukimbilia hospitali: kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, homa iliyoondoka kisha ikarudi kwa nguvu. Na akanitaka niwaangalie zaidi wenye pumu, wajawazito, watoto wadogo, wazee na wanaoishi na VVU.

Kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwenye semina yoyote. "Kwa nini wanalala wawili?"

Nikamjibu kwamba wanaona baridi.

"Basi dawa yako ya kwanza ni blanketi."

Nilikuwa nimewafundisha wasichana wale kwa miaka sita wasikaribiane wakiwa wagonjwa, na hawakuwa na namna ya kutokaribiana ila kutetemeka mpaka asubuhi. Niliwafundisha kunawa kwa sabuni, na bwenini hapakuwa na sabuni ila ya mwenye mzazi mwenye uwezo. Niliwaambia wafungue madirisha. Nani anafungua dirisha Juni, Sumbawanga, na blanketi moja? Mafunzo yangu yote yalikuwa ya kweli, na yote yalidai kitu ambacho hawakuwa nacho. Hilo ndilo somo la maisha yangu ya kazi, na kila nililoliona baadaye limeniongezea uhakika.

Mkuu wa shule alikataa kuwaandikia wazazi. Alihofia jina la shule. Sikugombana naye, ila sikusubiri. Walimu tulichanga, tukaenda soko la mitumba tukanunua mablanketi 20 mazito, tukayachemsha kwenye masufuria ya jikoni, tukawapa waliokuwa na yale mepesi zaidi. Kila msichana akapata kikombe chake, jina limeandikwa kwa rangi ya kucha, ambayo shuleni ilikuwa marufuku na ambayo ilitokea kwenye matranka bila mimi kuuliza maswali. Tuligeuza malalo, huyu kichwa upande wa ukuta, jirani yake kichwa upande wa kijia. Madirisha ya juu tukayaacha wazi kiasi cha kiganja, usiku na mchana.

Sitasema blanketi ndilo lililomaliza ugonjwa. Mafua ya bwenini huisha yenyewe yakishakosa wa kumshika. Lakini Juni ya mwaka uliofuata, kila kitanda kikiwa na mtu mmoja, daftari langu liliishia majina tisa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kasanga, na nilipomsimulia mama yangu habari za bweni, ndipo aliponikumbusha hadithi ya bibi. Bibi alikuwa mtoto mdogo vita ya Wajerumani ilipokwisha. Vita ile Ulaya ilikoma tarehe 11 Novemba 1918, lakini jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado porini huku kwetu, na alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na Wajerumani 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi na familia kwa maelfu. Walishushwa mpaka Kasanga, iliyoitwa wakati huo Bismarckburg, wapande meli kwenda Kigoma. Na mafua makubwa ya mwaka ule, ambayo yalikuwa yameshuka kutoka melini Cape Town na Mombasa yapata Septemba na kufuata reli na njia za wapagazi, yaliwakuta hapo. Watu waliobeba mizigo miaka minne na kupona risasi, njaa na kuhara walikufa kwa mafua wakisubiri kurudishwa kwao. Duniani kote homa ile inakadiriwa kuua watu wasiopungua milioni 50.

Bibi hakujua hesabu hizo. Alichokumbuka ni kwamba mama yake aliweka tawi bichi kwenye njia iingiayo uani, na kila asubuhi majirani waliokuwa wazima walileta uji wakauacha juu ya jiwe, nje ya tawi, wakaita, wakarudi nyuma. Mama yake akatoka akachukua. Bibi aliponisimulia nilikuwa mtoto nikadhani ni hadithi ya woga. Siku hizi nauona uji. Walimtenga mgonjwa na wakamlisha, yote mawili kwa pamoja, na bila lile la pili, la kwanza ni kumtupa mtu tu.

Miaka michache baada ya mafua yale ya bwenini nilikosea tena, kosa lile lile, na safari hii nilikuwa na wenzangu kumi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilizunguka karibu mikoa yote ya bara kwa miaka mitatu, na vijiji vya bonde la Ziwa Rukwa havikusalimika. Sisi akina mama wa jumuiya ndogondogo tuliguswa. Tulipita nyumba kwa nyumba mjini tukakusanya nguo, magunia matatu, tukapakia kwenye lori tukashuka kwa barabara ya Ntendo kwenda Muze.

Anayeshuka ukingo ule kwa mara ya kwanza hushangaa. Unaondoka juu umevaa sweta na ndani ya mwendo mfupi umelivua, na chini bonde limetandazwa mpaka ziwani, jua linawaka. Katika kijiji tulichofikia, wagonjwa walikuwa wamewekwa kwenye jengo la pembeni, na mlangoni palikuwa na beseni la maji ya klorini la kukanyaga. Vitanda vilikuwa vya turubai, vimetobolewa katikati, ndoo chini ya tundu. Mhudumu wa zahanati, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alifungua gunia letu la kwanza. Alitoa koti la sufu. Akatoa la pili. Akayakunja vizuri, akayarudisha, akatushukuru kwa heshima, kisha akasema, "Mama zangu, nilikuwa naomba ndoo."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anamuuguza mumewe alitueleza mengine. Maji ya Ziwa Rukwa yana magadi, si ya kunywa. Wanakunywa ya mto na ya visima vifupi. Wameambiwa wachemshe. "Kuni ya kupikia ugali naifuata mbali, dada. Ya kuchemshia maji ya watoto watano nitaitoa wapi?" Wameambiwa wachimbe vyoo. Kwenye kambi za wavuvi, ambako watu wanaishi kwenye vibanda vya matete, ukichimba mchanga unaporomoka, na ukienda chini zaidi unakuta maji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anabishana na mafundisho.

Tulirudi baada ya siku nane. Safari hii tuliuliza kwanza idara ya afya ya halmashauri, tukauliza na yule kijana. Tulipeleka ndoo zenye mfuniko na koki, sabuni za mche, vidonge vya kutibu maji, sukari na chumvi. Kidonge kinafanya kazi ya kuni. Na kwa yule ambaye hana pakiti ya dawa ya kuharisha, kipimo ni hiki, kikatwe kibandikwe jikoni: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo njiani kwenda zahanati. Kipindupindu kinaua kwa kukausha mwili, na kinaweza kuua ndani ya saa chache. Anayerudishiwa maji mapema hupona mara nyingi. Makoti yetu tuliyapandisha mlimani tukayapeleka bwenini. Huko yalikuwa na kazi.

Kosa hilo linaniuma zaidi kwa sababu sisi watu wa Rukwa kuweka akiba ndiyo kazi yetu. Mkoa wetu ni mmoja wa ile minne, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ambayo nchi iliizoea kuitegemea kwa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana kanda yake hapa Sumbawanga, na mwaka wa ukame mahali pengine, malori hupakia hapa. Mkulima wa Ufipa haingii mvua za Novemba bila kujua ndani ya kihenge chake mna nini. Muulize magunia, atakutajia bila kufikiri. Sasa muulize: familia ikiugua wote wiki moja, mna miche mingapi ya sabuni, mna ndoo ngapi zenye mfuniko, nani atachota maji, jirani gani anaishi peke yake na nani atamgongea mlango? Shuleni kwetu tulifika mahali tukawa na kasha la bati lenye kufuli moja na funguo mbili, ndani mna mablanketi kumi, sabuni, vidonge vya kutibu maji, glavu, tochi na betri zake, kipimajoto, na daftari. Ufunguo mmoja ulikaa kwangu, mwingine kwa kiranja wa afya, ili nikisafiri kasha lisisafiri nami.

Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, Arusha, na kesho yake serikali ikaagiza shule zifungwe. Zilipofunguliwa kwa wote tulikuwa Juni 29, katikati ya kipupwe. Nilisimama mlangoni mwa bweni nikiwapokea na kukagua mizigo. Tulikuwa na vibuyu chirizi sita uani, dumu la lita tano limetundikwa kwenye mti, kamba, na kijiti cha kukanyaga ili mkono mchafu usiguse dumu. Vikombe vilikuwa na majina. Fomu ya shule, chini ya mkuu mwingine, ilikuwa imeshabadilishwa kusema mablanketi mawili. Safari hii nilipowaambia wasilale wawili, nilikuwa nawaambia jambo wanaloliweza.

Nilistaafu mwaka 2022, mwaka ule ule Bunge lilipopitisha Sheria mpya ya Usimamizi wa Maafa, ambayo inataka kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Ni sheria nzuri na inatuhusu sana sisi tunaoishi juu ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4 lilitikisa Rukwa hii hii, moja ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika, na nyumba nyingi za matofali mabichi tunazojenga leo hazijawahi kujaribiwa hivyo. Nenda kwenye mkutano wa kijiji chako. Uliza kamati inakutana lini, na ikishajibu, uliza ina nini ghalani. Ukiona dalili za mlipuko usingoje kikao, piga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure.

Na kama una mtoto bwenini huku Ufipa, usiifuate fomu ikisema blanketi moja. Mpe mawili, mazito, na kikombe chenye jina lake, na vifike kabla ya Juni.